Samaki Aliyeitwa Padri

Tulimzika Mama Nashipai kule Nainokanoka asubuhi ya ukungu mzito, ukungu ule unaokufanya usikie kengele za ng'ombe kabla hujawaona ng'ombe wenyewe. Niliporudi Karatu sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita nyuma ya soko, kwenye kituo cha jamii, nikamwomba mlinzi anifungulie ukumbi. Tangi halipo siku hizi. Imebaki ile meza ya zege iliyolibeba, na juu yake wamerundika viti vya plastiki vya harusi. Lakini nilipoinamia kona ya ukuta nikakuta harufu ingalipo: maji yaliyokaa, ukoga, mchanga mbichi. Nilisimama pale, pindo la gauni langu la msiba limejaa matope, mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, unaumwa?"

Siumwi, nilimwambia. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, kwa dakika chache tu.

Miaka hiyo nilikuwa nikiishi na bibi, mzaa mama. Mama alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta, na alishuka mara moja kwa mwezi akiwa na mikono inayonukia sabuni hata baada ya siku mbili. Bibi aliuza mbaazi na maharage sokoni. Nikitoka shule sikuruhusiwa kukaa naye pale, kwa sababu bibi aliamini soko lina maneno yasiyomfaa mtoto, kwa hiyo nilimsubiri ukumbini mpaka afunge magunia yake. Ndivyo nilivyokutana na samaki.

Tangi lenyewe lilitoka hotelini. Hoteli fulani ilibadilisha mapokezi yake ikawa haina tena haja nalo, na Mwalimu Bura, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo, akaliomba kabla hata halijamwagwa maji. Lilikuwa refu kuliko kitanda cha bibi na kioo chake kilikuwa kinene kama kidole. Mwalimu akatia ndani perege kutoka mabwawa ya mkulima mmoja, na kambale mmoja mkubwa ambaye hakuna aliyejua vizuri katoka wapi. "Watoto wetu wanamjua tembo, wanamjua nyati," alisema siku ya kulizindua, kofia yake mkononi. "Samaki aliye hai hawajawahi kumwona akipumua. Ni aibu." Shule zilianza kuja kwa zamu, na watu wazima nao walipita wakitoka sokoni, wakidai wamewaleta watoto.

Bibi hakupita. Wazee wetu wa Kiiraqw hawakuwa watu wa samaki, na kwake samaki alikuwa nyoka aliyejifupisha. "Unamtazama wa nini?" aliniuliza. "Na siku akikutazama na yeye?"

Walikuwa wakinitazama, kweli. Ndicho nilichokipenda.

Mama Nashipai aliajiriwa kufagia ukumbi na kulitunza tangi. Alikuwa Mmaasai wa Nainokanoka, mjane, mwembamba, mrefu, mwenye shanga nyingi shingoni na sweta la kijani la kiume juu ya shuka zake. Alishuka Karatu ili binti yake, Nashipai, asome sekondari, wakapanga chumba kimoja upande wa juu wa mji. Wiki ya kwanza alivaa mifuko ya plastiki mikononi kila alipoingiza mkono majini. "Mimi sili huyu mdudu," alimwambia Mwalimu Bura mbele yangu. "Baba yangu hakumla, na babu hakumla. Lakini sitaki afe mikononi mwangu."

Nilimsalimu kama nilivyoona watoto wa Kimaasai wakifanya, kwa kuinamisha kichwa, naye akaniwekea kiganja utosini. Kiganja kikavu, chepesi, kilichokaa pale muda kidogo kuliko ilivyohitajika. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiinamisha kichwa kila nikiingia, hata kama nilitoka nje kidogo tu kunywa maji.

Hakujua chochote kuhusu samaki, na hakujifanya anajua. Alichojua ni ng'ombe. Baba yake alikuwa mtu wa kuitwa maboma ya mbali kuangalia mifugo inayoumwa, na yeye akiwa msichana alimfuata nyuma amebeba kibuyu cha dawa. Kwa hiyo alifanya kwa samaki alichofundishwa kwa ng'ombe. Kila asubuhi, na tena mchana nikishafika, aliketi hatua tano kutoka kwenye kioo na kutazama tu. Nilipotaka kukimbilia kioo alinishika sketi.

"Entito," aliniita, yaani msichana kwa Kimaasai, "mnyama mgonjwa humkimbilii. Ukimkaribia atajikaza, atakudanganya kwamba ni mzima. Kaa mbali. Mwache asahau kwamba upo."

"Halafu?"

"Halafu uangalie nani anapumua haraka. Nani amekataa chakula. Nani anajikuna. Nani amejitenga na wenzake. Anayejitenga, huyo ndiye wa kwanza."

Mtihani wetu wa kwanza ulikuja msimu wa baridi. Perege kadhaa walianza kujisugua kwenye mawe, ubavu huu, ubavu ule, kama mbuzi kwenye nguzo. Baada ya siku mbili wakatoka madoa meupe madogo, mtu angesema wamenyunyiziwa unga wa sembe. Mwalimu Bura alidhani ni urembo wa aina yao. Mama Nashipai akasema, "Hapana, wana kupe." Hawakuwa kupe, lakini hakukosea sana; afisa mifugo aliyepigiwa simu alisema ni vijidudu vinavyomng'ang'ania samaki ngozini, na dawa iliyo karibu ni chumvi. Tukawatia chumvi kwa kipimo alichotupa, tukaongeza joto la maji kidogo kidogo, tukasubiri. Wote walipona isipokuwa jike mmoja, mpana, mwenye rangi ya majivu, ambaye alikutwa amelala ubavu asubuhi moja. Tulimzika nje, uani mwa kituo.

Jike yule, kwa hesabu zangu, alikuwa mke wa Padri.

Padri alikuwa dume mkubwa kuliko perege wote. Tulimwita hivyo sisi watoto kwa sababu alikuwa na weupe kooni, kama kola. Bibi nilipomwambia kwamba Padri amefiwa na mke alinikumbusha kwamba mapadri hawaoi, akaendelea kuchambua mbaazi. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Siku chache baada ya mazishi Padri alibadilika. Mwili wake ukawa mweusi, mweusi wa kweli, na weupe wa kooni ukazidi kung'aa. Amevaa nguo za msiba, nikasema moyoni. Halafu akajitenga kwenye kona ya nyuma, akaanza kuchimba. Alichota mchanga kwa mdomo, akautema pembeni, akarudi, akachota tena, mchana kutwa, mpaka akapata shimo la duara, lenye upana wa sahani. Wenzake wakikaribia aliwafukuza. Nilijua anachimba nini. Alikuwa anamchimbia mkewe kaburi, kwa kuwa sisi tulimzika mahali asipopaona.

Nilikuwa na dawa ya jambo hilo. Mama alipoanza kazi kreta alinipa kioo kidogo cha mkononi, chenye fremu ya plastiki ya waridi. "Unafanana na mimi kila kitu," aliniambia. "Ukinikumbuka, jitazame, utaniona." Nilijitazama mara nyingi kiasi kwamba siku moja kiliniponyoka kikavunjika kwenye sakafu. Vipande nilivifunga kwenye soksi nikaficha chini ya godoro, kwa kuogopa mama akija ataona nimemvunja. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa na upana wa kiganja changu, na bado kilikuwa kinafanya kazi yake. Nikaona: kama kioo kinanipa mama, kitampa Padri mke.

Nilikiingiza siku ambayo Mama Nashipai alikuwa nje akianua vitambaa. Nilipanda kwenye kiti, nikakiteremsha kona ya nyuma, nikakiegemeza kati ya mawe mawili yaliyokificha kwa mtu anayetazama kutoka mbali, uso wake ukielekea shimo la Padri. Alikuja mara moja. Alisimama mbele yake akiwa amekunjua mapezi yote, akatetemeka mwili mzima, kisha akakibusu. Alikibusu tena, kwa nguvu, mpaka mchanga ukatimka. Nilishuka kwenye kiti nikiwa na machozi ya furaha.

Baada ya siku nne Padri alikuwa na jeraha shavuni. Siku ya sita alikuwa nayo matatu, mawili ubavuni, membamba na marefu, na juu ya moja kulikuwa kumeota kitu cheupe kama pamba. Mimi niliona, na ninataka kusema ukweli: sikuunganisha. Akilini mwangu mtu hawezi kuumizwa na mke wake.

Mwalimu Bura hakupata shida. "Ni yule," akasema, akimnyooshea kidole kambale, ambaye alikuwa amelala chini kama gogo, sharubu zake zikipapasa. "Mnyama anayelala mchana ana kazi usiku. Jumamosi kamati inakuja. Tutamtoa, nitampelekea jirani yangu mmoja wa kutoka Mwanza, atajua la kufanya naye."

Mama Nashipai aliketi mahali pake, hatua tano, akatazama Alhamisi yote na Ijumaa yote. Aliniambia jambo moja tu. "Huyu Padri hajala tangu jana. Na mwenzake aliyeshtakiwa anakula vizuri, anapumua taratibu, hana doa. Mwizi hulala hivyo kweli?"

Jumamosi walikuja Mwalimu Bura na katibu wa kamati, mama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa na duka la vitabu vya shule. Beseni liliandaliwa. Mama Nashipai akamvua kambale kwa wavu, akamweka kwenye beseni lenye maji kidogo, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja: alivua ile mifuko ya plastiki. Akamshika kichwa kwa mikono mitupu, uso umemkunjamana, akamfunua mdomo kwa vidole gumba.

"Mwalimu, tia kidole."

"Nini?"

"Tia kidole, uguse meno yake."

Mwalimu akatia, akakitoa haraka, kisha akatia tena. "Ni kama msasa," akasema.

"Sasa msasa unakata? Unakwangua. Huyu akimng'ata mwenzake ataacha mchubuko, tena mkiani, kwa sababu anayefukuzwa hung'atwa mkiani. Padri mkia wake mzima. Majeraha yako kichwani na ubavuni, na yamenyooka. Hilo halijafanywa na jino. Limefanywa na kitu chenye makali."

Nilijivuna kwa ajili yake kama vile mimi ndiye niliyesema. Katibu alitikisa kichwa kwa kukubali. Mwalimu Bura akamtazama kambale kwa muda, akawa kama anamwomba radhi kimoyomoyo. Kambale akarudishwa tangini.

Kisha katibu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ubaya wowote, "Sasa hicho chenye makali kimefikaje humo?"

Mtu pekee aliyekuwa akiingiza mikono tangini alikuwa Mama Nashipai. Na sote tulijua anasafishia nini ukoga wa kijani kwenye kioo: wembe. Aliukwangua kila Jumatatu. Mwalimu aliuomba wembe huo auone, na Mama Nashipai akauleta kutoka dirishani, umefungwa kwenye karatasi. Pembe moja ilikuwa imekatika.

Alipatazama pale palipopungua kama mtu anayetazama pengo la jino lake lililotoka. Wakapitisha wavu kwenye mchanga huku na huku, maji yakachafuka, hawakupata kitu. Kona ya Padri hawakuigusa vizuri kwa sababu alikuwa anauparamia wavu. "Sijui," Mama Nashipai akasema polepole. "Sikuona ikikatika. Lakini labda ni mimi."

Labda ni mimi. Hadi leo maneno hayo yananichoma. Yeye aliyemwokoa kambale kwa kusema kweli, ile kweli ikazunguka ikamrudia yeye. Na mimi nilisimama pale na sare yangu ya shule iliyokuwa imenibana mabegani, nikiwa nimeelewa kila kitu kwa mara moja, mpaka masikio yakaniwaka moto, na sikufungua mdomo.

Mwalimu Bura hakuwa mkali. Alisema, "Mama Nashipai, pumzika kidogo wiki hii. Tutakuita." Kila mtu Karatu anajua "tutakuita" maana yake nini. Akatoa funguo kwenye sweta, akaziweka juu ya meza ya zege. Alipopita karibu yangu niliinamisha kichwa. Aliniwekea kiganja kama kawaida, naye hajui anambariki nani.

Jumapili, baada ya misa, sikumfuata bibi nyumbani. Nilipanda njia ya juu ya mji, vumbi jekundu likiingia kwenye viatu vyangu vya kanisani, nikauliza mlango kwa mlango mpaka nikakipata chumba chao. Nashipai alikuwa ameketi kitandani, daftari zake zote zimepangwa ndani ya sanduku, macho yamevimba. Mama yake alikuwa mlangoni, juani, na karatasi ile ya wembe imefunguliwa mapajani. Alikuwa akiigeuza pembe iliyokatika, akijaribu kukumbuka.

"Karibu, entito. Bibi yako anajua uko huku?"

"Si wembe," nikasema.

"Nini?"

"Si wembe, Mama. Ni kioo. Nilimwekea Padri kioo."

Nilitarajia kofi, au kelele, au aulize kwa nini. Alichouliza ni, "Na sasa hivi bado kimo?"

"Ndiyo."

"Tangu jana tulipofunga? Amekaa nacho tangu jana, peke yake?"

Akawa ameshasimama. Hakuchukua hata shuka yake ya juu. Nilimfuata nikikimbia, yeye akitembea kwa zile hatua za watu wa Nainokanoka ambao kilomita kwao si kitu, mpaka kwa Mwalimu Bura, tukamkuta mezani anakula makande. Mama Nashipai akasema tu, "Mwalimu, funguo." Alisema kwa namna iliyomfanya mzee yule aache kijiko na atutangulie njiani akiwa na kandambili.

Tulimkuta Padri kwenye kona yake. Alikuwa bado anapigana. Nilimwona sasa kwa macho mengine: alirudi nyuma, akakunjua mapezi, akajirusha kwa nguvu zote kwenye yule dume mweusi wa kooni kweupe aliyekuwa ndani ya kioo, na makali ya ukingo yakampata. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando wa maziwa. Jumamosi jicho lile lilikuwa zima. Niliwahi kujipa visingizio vingi maishani kuhusu mambo mbalimbali, lakini kuhusu jicho lile sijawahi kupata hata kimoja. Ni la siku yangu moja ya kunyamaza.

Mama Nashipai aliingiza mkono mpaka begani, sweta na yote, akakitoa kile kipande. Akakifuta kwa ncha ya kitambaa. Mwalimu Bura akakipokea, akajiona ndani yake, akakishusha.

"Kwa nini, Fausta?" aliniuliza.

"Alikuwa amefiwa," nikasema. "Alikuwa amevaa nyeusi, na alikuwa anachimba kaburi."

Mama Nashipai aligeuka akalitazama lile shimo la mchanga, muda mrefu, kama anaona kitu kwa mara ya kwanza. "Fahali akiingia zizi geni," akasema, akijisemea mwenyewe zaidi kuliko kutuambia, "anaparua ardhi kwa kwato, anarusha vumbi mgongoni. Haombolezi. Anasema hapa ni kwangu." Kisha akanigeukia. "Hakuwa na huzuni, entito. Alikuwa na hasira. Wewe umemletea adui ambaye hachoki."

Mwalimu Bura alivua kofia, ingawa tulikuwa ndani na hapakuwa na mtu mwingine, akamwomba Mama Nashipai msamaha kwa maneno kamili, kwa jina lake, bila kuzunguka. Akamrudishia funguo kwa mikono miwili. Alisema Jumatatu atawaambia na wanakamati wengine, na aliwaambia; katibu mwenyewe alikuja na kilo mbili za sukari kumpa pole.

Mimi sikupata msamaha upesi hivyo. "Nimekasirika," Mama Nashipai aliniambia tulipokuwa tunafunga mlango. "Usidhani sijakasirika. Binti yangu amelia usiku kucha. Nitakasirika mpaka Alhamisi. Lakini huyu mgonjwa hana muda wa kusubiri hasira yangu iishe, kwa hiyo kesho ukitoka shule uje."

Nilikuja. Jumatatu niliinamisha kichwa, kiganja hakikuja. Alinionyesha kazi bila neno la ziada. Beseni la maji yaliyolala usiku mzima, chumvi, kipimo kile kile. Padri aliletwa kwa wavu laini, akawekwa humo, na mimi nilipaswa kumhesabu anavyofungua na kufunga mashavu mpaka Mama Nashipai aseme basi. Akianza kuyumba, nimwite haraka. Nilipaswa pia kuyakagua majeraha na kusema ninachoona, kwa sauti, bila kuongeza.

"Pamba ipo," nilisema Jumatatu.

"Kubwa au ndogo kuliko jana?"

"Jana sikuangalia vizuri."

"Basi leo angalia."

Jumanne pamba ilikuwa vile vile. Kichwa changu nikakiinamisha, kiganja hakikuja. Jumatano ilikuwa imepungua pembeni na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, jambo ambalo lilinitisha, lakini yeye aliguna kwa kuridhika. Nyekundu ni damu inayofika, alisema, cheupe ndicho cha kuogopa. Alhamisi Padri alikula. Punje mbili tu za chakula, akazitema, akazichukua tena, akameza. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa kituo akaja. Mama Nashipai alikuwa na ufagio mkononi. Aliuegemeza ukutani, akaja, akaniwekea kiganja utosini bila hata mimi kuinama, na nikalia kwa sauti kubwa, kilio kile cha kwikwi kinachomfanya mtoto asipate pumzi.

"Unalia nini sasa? Si amekula?"

Nikamwambia kuhusu kioo cha mama. Kilivyovunjika, na ile soksi chini ya godoro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa mafundisho yoyote. Jioni ile alinisindikiza sokoni, akaketi na bibi juu ya magunia, wakazungumza, mmoja Kiswahili cha Kiiraqw na mwingine Kiswahili cha Kimaasai, nami nilitumwa mbali nisisikie. Mwisho wa mwezi mama alishuka siku mbili kabla ya zamu yake. Alikuwa ameomba ruhusa. Aliinua godoro mwenyewe, akaitoa soksi, akaiweka kwenye takataka, kisha akaketi sakafuni na kunisuka nywele polepole, mafungu madogo madogo, ili kazi ichukue muda mrefu.

Jicho la Padri halikupona. Lilibaki jeupe, kama shanga. Alijifunza kuogelea upande wa kulia ukielekea wenzake na upande wa kushoto ukielekea ukuta, na weusi wake ukapungua, ukawa majivu tu kama ya perege wengine. Aliishi miaka mingine kadhaa. Mama Nashipai alibaki mpaka binti yake alipomaliza kidato cha nne, na kufikia hapo watu wa mabwawa ya samaki walikuwa wakimfuata ukumbini na samaki wao kwenye ndoo, wamwonyeshe. Aliwatazama, akasema anachokiona, na akiwa hajui alisema hajui. Hakuwahi kumla hata mmoja.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa karibu na likizo ya mwisho wa mwaka. Shule moja kutoka Endamarariek ilileta watoto kwenye lori la kubebea ngano, wamejaa makapi vichwani, hawajawahi kuona tangi. Walikigandia kioo. Katika kelele zile kitoto kimoja cha darasa la kwanza, kasichana kenye meno mawili yaliyong'oka, kakauliza, "Huyu mweupe wa jicho nani kampiga?"

Mwalimu wao alimtazama Mama Nashipai. Mama Nashipai alinitazama mimi, akaendelea kukunja kitambaa chake. Ningeweza kusema amezaliwa hivyo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwekea kioo nikidhani ana upweke. Kikamkata. Halafu nikaogopa kusema."

Kale kasichana kalinikagua toka juu mpaka chini, kakageuka kwa Mama Nashipai kama anayeshtaki. "Yaani yeye ndiye kamuumiza, halafu mnamwacha amtibu?"

"Nani mwingine hapa anamjua mpaka idadi ya pumzi zake?" Mama Nashipai akajibu. Kisha akawashika watoto mabega, mmoja mmoja, akawarudisha nyuma hatua tano.